Ukoo wa farasi ni kitu gani hasa, na poni anatofautianaje na farasi?

Kwato Nne ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma habari za koo mbalimbali za farasi na poni, na kila ninapoongeza maarifa naongeza pia utata. Mwandishi mmoja anadai kwamba farasi wa Kiarabu ndiye baba wa farasi wote wa mbio na wa koo zote bora duniani. Mwingine anawagawa farasi katika makundi ya damu moto, damu baridi na damu vuguvugu, bila kueleza damu hiyo inapimwaje. Wa tatu anaandika kwamba poni ni farasi aliyekomaa asiyezidi sentimita 148 kwenye kilele cha mabega, lakini kurasa chache mbele anamwita mnyama wa Iceland kwa jina la farasi, ilhali wengi wa wanyama hao wako chini ya kimo hicho.

Ningependa kuelewa jambo moja la msingi: ukoo wa farasi ni kitu gani? Je, ni asili ya kale iliyotunzwa tangu farasi alipofugwa, ni matokeo ya nchi alimoishi, au ni uamuzi wa wafugaji tu? Na poni ana tofauti gani na farasi mbali na kimo? Nitashukuru kwa majibu yenye mifano, kwa sababu orodha za majina ya koo ninazo za kutosha.

Mzee wa Zizi amejibu:

Ndugu Kwato Nne, nitaanza na hilo la asili ya kale kwa sababu ndilo lenye hadithi nyingi zisizo na mashiko. Uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba farasi wote wanaofugwa leo, kuanzia poni wa Shetland hadi farasi wa Ubelgiji wa kukokota mizigo, wanatokana na kundi moja lililoishi katika nyika za sehemu za chini za mito Volga na Don, katika Urusi ya sasa. Kundi hilo lilianza kusambaa kwa kasi takriban miaka 4,200 iliyopita, na lilikofika lilichukua nafasi ya farasi karibu wote waliolitangulia. Farasi wa Botai, huko Kazakhstan, waliokuwa mikononi mwa watu miaka 5,500 hivi iliyopita, hawakuchangia sehemu ya maana katika farasi tulio nao. Jamaa zao wa karibu ni farasi wa Przewalski wa Mongolia, ambao wana kromosomu 66 wakati farasi wa kufugwa wana 64. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ukoo fulani wa milimani au wa visiwani umebaki vilevile tangu watu walipokuwa wakiishi mapangoni, mwombe ushahidi.

Shina likiwa moja, matawi yalitenganishwa na nchi na kazi, na kwa maoni yangu kazi ndiyo iliyotia mkono mzito zaidi. Nchi kame yenye joto humpendelea farasi mwenye ngozi nyembamba, manyoya mafupi na mwili mwembamba unaopoteza joto upesi. Nchi ya baridi yenye udongo mzito na malisho tele humruhusu awe mnene na mkubwa wa mifupa. Hapo ndipo ulipozaliwa msemo wa damu moto na damu baridi. Hakuna kipimo chochote cha damu ndani yake, kwani farasi yeyote mwenye afya, awe wa jangwani au wa theluji, ana joto la mwili la nyuzi 38 hivi. Msemo huo unazungumzia tabia: damu moto ni mwepesi wa kushtuka na wa kuitikia, damu baridi ni mtulivu na mvumilivu wa mzigo, na damu vuguvugu ni matokeo ya kuwachanganya hao wawili kwa makusudi.

Mchukue farasi wa Kiarabu. Mabedui walimhitaji mnyama wa kuvamia na kutoroka, awezaye kwenda mbali kwa maji kidogo na chakula cha kubahatisha, na aliyezoea kukaa karibu sana na hema na watu. Kwa uvamizi walipenda majike, na nasaba waliihesabu kwa upande wa mama, ndiyo maana majina ya nasaba kama Kuhaylan na Saqlawi hufuata uzao wa jike. Ukimtazama kwa ubavu utaona uso uliobonyea kidogo chini ya macho, matundu ya pua yanayopanuka sana anapokimbia, mgongo mfupi, na mkia anaouinua juu kama bendera. Baadhi yao wana jozi 17 za mbavu, ilhali farasi wengine kwa kawaida wana 18. Hadi leo, katika mashindano ya masafa marefu ya kilomita 160 kwa siku moja, yeye na machotara wake ndio wanaotawala.

Sasa hilo la kuwa baba wa farasi wote wa mbio. Ni kweli kwamba farasi wa mbio wa Kiingereza, kwa upande wa madume, wanarudi kwa watatu tu walioletwa Uingereza kutoka mashariki: Byerley Turk wa miaka ya 1680, Darley Arabian aliyenunuliwa Aleppo na kufika mwaka 1704, na Godolphin Arabian aliyewasili karibu mwaka 1729. Ni kweli pia kwamba uzao wa kiume wa Darley, kupitia Eclipse aliyezaliwa mwaka 1764 na ambaye hakushindwa hata mara moja, umewafunika wenzake, kiasi kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi ya farasi hao leo hurudi kwake. Lakini majina hayo yasikuzuge. Wakati ule farasi wa mashariki aliitwa Mwarabu au Mturuki kwa kufuata mahali aliponunuliwa, na uchunguzi wa kromosomu ya kiume uliochapishwa mwaka 2017 unaonyesha kwamba mstari huo una asili ya farasi wa Waturkmeni wa Asia ya Kati. Tena majike waliopandwa na madume hao walikuwa wa mchanganyiko mkubwa, wengi wakiwa wa Uingereza na Ireland, na mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba badiliko la kinasaba linaloambatana na kasi ya masafa mafupi huenda liliingia kupitia jike mmoja wa Kiingereza, yapata miaka 300 iliyopita. Wanaoandika historia za farasi huwasahau majike kwa wepesi wa ajabu.

Upande wa pili wako wakubwa wa kukokota. Shire wa Uingereza, mwenye manyoya marefu yanayofunika kwato, ndiye aliyetoa farasi mrefu kuliko wote walioandikwa, Sampson, aliyezaliwa mwaka 1846 na kufikia mita 2.19 mabegani. Mimi mwenyewe, nikilazimishwa kuchagua, ningemchukua Percheron wa jimbo la Perche huko Ufaransa: hana manyoya hayo ya miguuni, kwa hiyo tope halimgandi, na pamoja na uzito wake anakwenda kwa wepesi uliomfaa kuvuta magari ya abiria. Nchi haikumfanya hivyo peke yake. Alifanywa hivyo na barabara ndefu na ratiba za magari.

Mama Hatamu amejibu:

Mzee, shikamoo. Naomba kuongezea upande wa poni, ambao ndio nilioushughulikia zaidi.

Ndugu Kwato Nne, kipimo cha sentimita 148 ni cha mashindano. Kiliwekwa ili watoto na wapanda poni washindane kwa haki, na kinapima kimo bila kugusa maumbile. Anayemtambua poni kwa mazoea hatazami kimo kwanza. Hutazama uwiano: kifua na tumbo vyenye kina kirefu kuliko urefu wa miguu, mfupa mfupi na mnene chini ya goti, shingo nene, kichwa kifupi chenye paji pana na masikio madogo, na singa nzito za shingoni na mkiani. Ndiyo maana Falabella wa Argentina, ambaye ni mdogo kuliko poni karibu wote, hupewa jina la farasi mdogo, kwa kuwa wafugaji wake walikusudia kupata maumbile ya farasi yaliyopunguzwa. Na ndiyo maana pia poni wa mchezo wa polo huitwa poni hata anapozidi sentimita 150. Hapo jina limebaki kwa mazoea ya mchezo, wala usitafute sababu nyingine.

Kuhusu nchi kuwatengeneza poni, mfano ninaoupenda ni wa Shetland. Visiwa vile vina upepo mkali, majani haba na miti michache sana ya kujikinga. Mnyama mkubwa asingeshiba pale. Kimo chake leo kinaruhusiwa kufikia sentimita 107 tu, lakini ukimkaribia wakati wa baridi ndipo unapoona kazi iliyofanywa na nchi: koti lake lina tabaka mbili, la ndani likiwa laini na zito kama sufi, la nje likiwa na nywele ndefu na ngumu zinazoelekea chini, na mvua inaponyesha maji hutiririka juu ya zile za nje na kudondoka, huku ukitia vidole ndani unakuta ngozi ni kavu na ina joto. Singa za paji huanguka hadi puani na kuyakinga macho. Naye akisimama huugeuzia upepo mkia, na manyoya mazito yaliyo kwenye shina la mkia hujifungua kama pazia.

Kisha kazi ikamkuta. Sheria ya migodi ya Uingereza ya mwaka 1842 iliwakataza wanawake na watoto wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi, na wenye migodi wakawageukia poni ili wavute mabehewa ya makaa katika njia za chini na nyembamba. Madume walitafutwa sana, wazito na wafupi iwezekanavyo, wakaondolewa visiwani kwa wingi, na daftari la nasaba, yaani kitabu cha kuwaandikisha wanyama wa ukoo na wazazi wao, lilianzishwa mwaka 1890 kwa sehemu kwa sababu wafugaji waliona mbegu bora inawaishia. Sikubaliani sana na Mzee anaposema kazi ndiyo yenye mkono mzito. Kwa poni wa Shetland mgodi ulimkuta tayari ni yule yule, ukaondoka na walio bora.

Tahadhari moja kwa yeyote anayemfuga: mwili uliozoea kuishi kwa majani haba haujui kukataa yanapokuwa mengi. Poni akiachwa katika malisho mabichi na matamu hunenepa upesi, kisha hupata ugonjwa wa kuvimba ndani ya kwato, tishu zinazoshikilia mfupa hulegea, na asipotibiwa mapema mfupa huo hugeuka ndani ya kwato yenyewe. Sifa iliyomwokoa kisiwani ndiyo inayomlemaza kwenye konde la kifahari.

Na farasi wa Iceland? Kwa maumbile, mimi ningemwita poni. Wenyewe humwita farasi kwa sababu tangu walowezi walipofika karne ya tisa na ya kumi ndiye farasi pekee waliyekuwa naye, na anambeba mtu mzima siku nzima. Nchi hiyo hairuhusu farasi kuingizwa kutoka nje, na aliyetolewa hata kwa mashindano harudi tena.

Kwato Nne ameandika:

Nashukuru sana, Mzee wangu na Mama Hatamu. Naomba mnivumilie kwa maswali mawili zaidi. Kwanza, nimesikia kwamba farasi wa Iceland ana mwendo ambao farasi wengine hawana. Je, hilo ni fundisho au ni maumbile? Pili, ikiwa koo zilitengenezwa na nchi na kazi, madaftari ya nasaba yana kazi gani, na kwa nini wafugaji wanagombana sana juu yake?

Mwana Nasaba amejibu:

Ndugu, hilo la kwanza ni fupi, kwa hiyo nilimalize. Farasi karibu wote hutembea, huenda mwendo wa matiti, na hupiga mbio. Katika mwendo wa matiti miguu hugusa ardhi kwa jozi za mshazari, mmoja wa mbele na wa nyuma wa upande wa pili, na baina ya jozi mwili huruka kidogo, ndiyo maana mpandaji hurushwarushwa. Farasi wa Iceland ana mwendo wa telki, ambao miguu hugusa mmoja mmoja: wa nyuma kushoto, wa mbele kushoto, wa nyuma kulia, wa mbele kulia, na kila mara kuna angalau mguu mmoja chini. Mgongo hautikisiki, na wafugaji wake hupenda kuonyesha hilo kwa kupanda wakiwa wameshika gilasi iliyojaa bila kumwaga. Mwaka 2012 ilibainika kwamba badiliko moja katika kinasaba kiitwacho DMRT3 ndilo linalowezesha miendo hiyo, na badiliko hilo hilo liko pia kwa farasi wa Marekani wa mbio za vigari. Mafunzo hung'arisha mwendo huo, lakini asiye na kinasaba hicho mara nyingi utamchosha bure.

La pili ndilo lenye uzito, na hapa natofautiana na walionitangulia. Nchi na kazi hutoa mnyama wa namna fulani, lakini mnyama wa namna fulani bado si ukoo. Walowezi wa Virginia walikuwa wakishindanisha farasi wa maili robo, yaani kama mita 400, tangu enzi za ukoloni, na farasi hao wenye matako yaliyojaa misuli baadaye walichunga ng'ombe katika nyanda za magharibi. Hata hivyo chama cha kuwaandikisha farasi hao, waitwao Quarter Horse, kiliundwa mwaka 1940. Kabla ya hapo mtu aliyeona anaweza kumpandisha jike wake kwa dume lolote lenye mbio alifanya hivyo bila kumwomba mtu ruhusa. Ukoo katika maana ya leo huzaliwa siku daftari linapofunguliwa na mtu anapoamua nani aandikwe na nani aachwe. Daftari la farasi wa mbio wa Kiingereza, lililoanza kuchapishwa mwaka 1791, ndilo lililowafundisha wengine.

Nayo madaftari yana gharama. Ukifunga mlango, unabaki na wale uliowafungia ndani. Friesian wa Uholanzi, yule mweusi mwenye singa za mawimbi, alibakiwa na madume watatu tu wa mbegu katika daftari mwaka 1913, na ukoo wake leo una visa vya watoto wanaozaliwa na udumavu wa miguu au maji kichwani. Kwa farasi wa Kiarabu kuna ugonjwa wa kurithi ambao mtoto huzaliwa bila kinga ya mwili na hufa akiwa na miezi michache; tangu 1997 kuna kipimo cha kuwatambua wazazi wanaoubeba. Kwa Quarter Horse kisa ni cha kukera zaidi. Dume mmoja aliyeitwa Impressive alikuwa na misuli iliyowafurahisha waamuzi wa maonyesho, akatafutwa na kila mtu, na uzao wake ukatapakaa kabla haijafahamika kwamba kinasaba kilichoambatana na misuli hiyo huleta vipindi vya mitetemeko na kupooza. Chama kilikuja kukataa kuwaandikisha watoto waliozaliwa kuanzia mwaka 2007 wakiwa wamerithi badiliko hilo kwa wazazi wote wawili, lakini waliorithi kwa mzazi mmoja bado wanaandikwa. Nadhani huo ni uamuzi wa kuwaridhisha wenye mali.

Wajerumani walikwenda njia nyingine. Katika kituo cha madume cha Celle, kilichoanzishwa mwaka 1735 na kilichomlea farasi wa Hannover, na cha Trakehnen katika Prussia Mashariki, kilichofunguliwa mwaka 1732, dume lilipimwa kwa kazi. Daftari la Hannover hupokea damu ya nje iwapo inaboresha mwendo au kuruka, na dume lisilofaulu majaribio halipewi majike hata kama nasaba yake ni ndefu. Ndiyo maana farasi wa damu vuguvugu wamejaa katika michezo ya Olimpiki. Trakehnen ilikuwa na mlango mwembamba zaidi, ikiruhusu hasa damu ya Kiarabu na ya farasi wa mbio wa Kiingereza, na mwaka 1945 wengi wa farasi hao walipotea katika kukimbia vita, wengine wakivuka ghuba iliyoganda kwa barafu wakiwa wamefungwa kwenye mikokoteni ya wakimbizi.

Mzee wa Zizi amejibu:

Marahaba, Mama Hatamu. Mwana Nasaba, daftari ninalikubali kama kumbukumbu, lakini halimuokoi mnyama ambaye kazi yake imekufa. Mtazame Suffolk Punch wa mashariki mwa Uingereza. Kila mmoja wao anarudi kwa dume mmoja aliyezaliwa mwaka 1768, daftari lake ni la karne ya 19 na limetunzwa vizuri mno, na mnyama mwenyewe aliumbwa kwa ajili ya udongo mzito wa mfinyanzi: kiwiliwili kikubwa, miguu mifupi isiyo na manyoya, na tabia ya kuendelea kuvuta hata mzigo usipotikisika. Trekta lilipoingia mashambani, ukoo wote ulikaribia kutoweka katika miongo michache, na mpaka sasa ni miongoni mwa walio hatarini zaidi Uingereza. Linganisha na Morgan wa Marekani, ambaye naye anarudi kwa dume mmoja, Figure, aliyezaliwa mwaka 1789. Huyo alilima, akakokota magogo, akashindana mbio na kubeba tandiko, na uzao wake ukarithi ufundi huo wa kufaa kila mahali. Kazi moja ilipokwisha, nyingine ilikuwapo.

Ndugu Kwato Nne, umesema orodha za majina unazo, kwa hiyo bila shaka utajaribu kuzilinganisha na picha. Usianze na rangi. Wapo ambao rangi yao ni kitambulisho: Suffolk ni mwekundu wa shaba sikuzote, na Haflinger wa milima ya Tirol, ambao wote hurudi kwa dume aliyezaliwa mwaka 1874, wana mwili wa rangi hiyo na singa za rangi ya kitani. Lakini Lipizzaner wa Lipica, kituo kilichoanzishwa mwaka 1580 katika Slovenia ya leo, huzaliwa mweusi au wa kahawia, akaanza kuota nywele nyeupe usoni, na huchukua miaka kadhaa hadi kuwa yule mweupe wa kwenye picha. Anayeona mtoto mweusi pembeni ya mama mweupe hudhani wamechanganywa. Anza na mstari wa mgongo na matako, kisha urefu wa mfupa chini ya goti, kisha namna shingo inavyoingia mabegani, na mwisho kichwa. Mlinganishe Mwarabu na farasi wa Berber wa Afrika Kaskazini kwa mpangilio huo: wa kwanza ana matako yaliyonyooka na uso uliobonyea, wa pili matako yake yameteremka, mkia umekaa chini na uso umetuna kidogo. Wametoka katika nchi kame wote wawili na huchanganywa mara kwa mara na waandishi, lakini ukishaona matako hutawachanganya tena.